Mji Ukikimbiwa na Watu: Maswali Tunayoulizwa Kigoma Kuhusu Detroit na Miji Mingine ya Viwanda

Ukurasa huu uliandaliwa kwa wanafunzi wa jiografia wa sekondari, ila siku hizi wanaouliza zaidi ni watu wazima: wastaafu wa reli, wafanyabiashara wa soko la Mwanga hapa mjini, vijana walioona video ya nyumba za Marekani zinazouzwa kwa bei ya simu. Maswali nimeyaacha jinsi yanavyoulizwa, mengine nimeyafupisha. Penye mambo mengi nimekaa, pasipo na mambo nimepita.

Mwalimu, Detroit iko wapi, na kwa nini kila anayezungumzia mji uliokwisha anaitaja hiyo hiyo?

Iko jimbo la Michigan, kaskazini mwa Marekani, kwenye mto unaoitenga nchi hiyo na Kanada. Inatajwa sana kwa sababu ndiko gari lilikogeuzwa kuwa bidhaa ya mtu wa kawaida, na kwa sababu ndilo jiji la kwanza Marekani kuvuka watu milioni moja kisha kurudi chini ya milioni.

Hilo la "uliokwisha" silikubali. Sensa ya 2020 iliwakuta humo watu 639,111. Hiyo ni karibu mara tatu ya manispaa yetu ya Kigoma-Ujiji, na watu hao wanapeleka watoto shule na kulipa bili kama sisi.

Walipungua kiasi gani hasa?

Marekani huhesabu watu kila baada ya miaka 10, kwa hiyo mteremko unaonekana vizuri. Kilele kilikuwa 1950: watu 1,849,568. Mwaka 1970 walikuwa takriban milioni 1.5, mwaka 1980 milioni 1.2. Mwaka 2000 wakawa 951,270, mwaka 2010 wakawa 713,777, kisha hao 639,111 wa 2020. Waliopungua wamezidi milioni 1.2. Chukua manispaa yetu nzima kama ilivyohesabiwa 2022, kuanzia Kibirizi mpaka Ujiji, uiondoe mara tano, na bado hujamaliza hesabu.

Shika pia kwamba jambo hili lilichukua miaka 70. Watu hawakufunga virago siku moja. Anayesimulia Detroit kana kwamba ni mji uliopigwa na tetemeko anaharibu somo zima.

Na hao milioni mbili kasoro walitoka wapi?

Mwaka 1910 Detroit ilikuwa na watu 465,766. Miaka 20 baadaye walikuwa 1,568,662. Katikati hapo kuna Henry Ford. Gari lake la Model T lilitoka 1908, na mwaka 1913 katika kiwanda cha Highland Park akaanzisha utaratibu wa gari kusogea lenyewe mbele ya mafundi: kila mtu amesimama pale pale, anafunga kipande chake kimoja, gari linapita kwenda kwa mwenzake. Kuunganisha fremu ya gari kulikokuwa kunakula saa 12 na zaidi kukashuka hadi saa moja na nusu hivi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha kupita kiasi, watu wakawa wanaingia na kutoka, ndipo Januari 1914 Ford akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku, zaidi ya maradufu ya ule uliozoeleka.

Habari hiyo ilifika mbali. Walikuja Wapolandi na Waitaliano, walikuja wakulima wa jirani, na kwa wingi mno walikuja Wamarekani Weusi kutoka majimbo ya kusini kama Alabama na Georgia, wakikimbia mashamba ya pamba na sheria za ubaguzi.

Mzee yeyote wa Kasulu au Kibondo anazielewa safari za namna hii. Enzi za Mwingereza mkoa wetu ulikuwa ghala la vibarua: mawakala wa mashamba ya mkonge walikuja kuandikisha vijana, wakasafirishwa hadi Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Tofauti ni kwamba manamba alikwenda kwa mkataba na alitegemewa kurudi, ijapokuwa wengi hawakurudi, na wajukuu wao wako Korogwe na Muheza hadi leo. Mfanyakazi wa Detroit, hasa Mzungu, alinunua nyumba. Mji ulijaa nyumba za familia moja moja, zenye kibustani mbele, mtaa baada ya mtaa. Nyumba hizo ndizo zilizokuja kuwa magofu.

Kwa hiyo viwanda vilifungwa, ndipo watu wakaondoka. Si ndivyo?

Sivyo, na jibu hili huwaangusha wanafunzi wazuri kabisa. Mambo yalianza kugeuka wakati magari ya Marekani yananunuliwa kwa kugombewa. Kati ya 1947 na 1963 Detroit ilipoteza ajira za viwandani zipatazo 134,000. Miaka hiyo gari la Kijapani lilikuwa kitu adimu katika barabara za Marekani, kwa hiyo huwezi kumsingizia Mjapani.

Sababu kubwa ilikuwa ardhi. Viwanda vya kwanza vilikuwa vya ghorofa. Kile cha kampuni ya magari ya Packard, kilichoanza kazi 1903 na kubuniwa na msanifu Albert Kahn, kilikuwa majengo marefu yaliyobanana ndani ya mji, vifaa vikipanda na kushuka kwa lifti. Baada ya Vita Kuu ya Pili wenye viwanda walitaka sakafu moja ndefu, kila kitu chini, na uwanja wa kuegesha magari ya wafanyakazi. Nafasi kama hiyo ndani ya Detroit haikuwepo, ila nje ya mji ilikuwepo tele na kodi yake ndogo. Juu ya hapo mashine zilianza kufanya kazi ya mikono. Halafu vyama vya wafanyakazi vya Detroit vilikuwa na meno, na matajiri wengi waliona heri wajenge mbali navyo. Kampuni ndogo za magari zikashindwa kwenda na kasi. Packard ilifunga kiwanda chake cha Detroit mwaka 1956.

Mafuta yalipopanda bei 1973 na magari madogo ya Japani yakaingia kwa fujo, Detroit ilikuwa imeshapoteza watu zaidi ya 300,000. Kampuni kubwa za magari General Motors na Chrysler zilipofilisika 2009, mji ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya nusu karne.

Hao walioondoka walihamia majimbo ya mbali?

Wapo. Lakini wengi walihamia karibu mno, na ukilielewa jibu hili umeelewa nusu ya ukurasa huu.

Mpaka wa kaskazini wa Detroit ni barabara inayoitwa 8 Mile. Upande wa kusini unalipa kodi Detroit, upande wa kaskazini unalipa halmashauri nyingine. Ukihesabu Detroit pamoja na miji yote inayoizunguka, mwaka 1970 walikuwa zaidi ya milioni 4, na mwaka 2020 walikuwa karibu milioni 4.4. Eneo zima limebaki karibu pale pale. Watu walivuka barabara, na walipovuka waliondoka na kodi zao.

Si kila mtu aliruhusiwa kuvuka. Shirika la serikali kuu lililokuwa likidhamini mikopo ya nyumba halikutaka kudhamini mitaa ya watu Weusi wala mitaa iliyo jirani nayo. Mwaka 1941 mjenzi mmoja alitaka kujenga nyumba za Wazungu kandokando ya mtaa wa Weusi, akanyimwa udhamini. Akajenga ukuta wa zege kati ya mitaa hiyo miwili, kimo chake futi 6 hivi, urefu kama nusu maili. Udhamini ukatoka. Ukuta huo haukulinda kitu, mtu anauzunguka kwa miguu, lakini kwa mkopeshaji ulitosha kabisa. Bado umesimama, na sehemu yake wenyeji wameipaka rangi na michoro.

Halafu zikajengwa barabara kuu za kasi, nyingine zikipita juu ya mitaa ya Weusi iliyobomolewa, ili mtu aliyehamia nje aweze kurudi mjini kufanya kazi na kuondoka jioni. Ghasia za Julai 1967 kati ya polisi na wakazi Weusi zilidumu siku tano na kuua watu 43. Ziliongeza kasi ya kuhama, hazikuanzisha. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa mpango wa kuchanganya wanafunzi wa Detroit na wa miji ya pembeni, kwa hiyo anayevuka 8 Mile akawa amevuka na shule pia. Baadaye Weusi wenye kipato nao walipata njia, wakaondoka vile vile. Waliobaki wengi wao ni wale wasio na uwezo wa kuhama.

Mwalimu, watu wakipungua si ndiyo nafuu? Foleni hakuna, viwanja tele, maji yanatosha.

Swali hili nililiulizwa sokoni Mwanga na mama mmoja muuza mawese, na si la kuchekwa hata kidogo. Kwa mtu binafsi kodi ya pango hushuka kweli. Kwa mji ni kinyume.

Fikiria bomba la maji. Limelazwa kwa ajili ya nyumba 40 za mtaa mmoja. Nyumba 30 zikibaki tupu, bomba halifupiki. Linavuja kule kule, linahitaji fundi yule yule, na pampu inasukuma umbali ule ule, ila bili sasa wanagawana 10. Detroit ina kilomita za mraba kama 360, na zote zilijengewa mabomba, mitaro, taa, vituo vya zimamoto na barabara za kuhudumia watu karibu milioni mbili. Gari la taka linalopita mtaa wenye nyumba 10 zilizotawanyika linachoma mafuta yale yale ya mtaa wenye nyumba 40.

Kinachofuata ni kupandisha kodi. Detroit ilikuwa na kodi ya majengo ya juu sana kwa vipimo vya Marekani, na juu yake kodi ya mapato ya jiji. Kodi ikipanda, mwenye uwezo anapata sababu nyingine ya kuhama. Huduma zikishuka anapata ya tatu. Watu wa fedha hukaa wakijadili kipi kilitangulia, mimi naona ni kamba inayojisokota yenyewe.

Mzigo mwingine ni wastaafu, na hapa wazee wetu wa reli huwa wanasogeza kiti. Mji wa watu milioni 1.8 uliajiri polisi, wazimamoto, madereva na mafundi wa kuhudumia watu milioni 1.8. Wale walistaafu. Pensheni yao inatakiwa kulipwa na mji wa watu laki saba. Ilifika mahali wastaafu wa jiji wakawa takriban mara mbili ya wafanyakazi walio kazini.

Tarehe 18 Julai 2013 Detroit ilikwenda mahakamani kuomba kutangazwa muflisi, ikiwa na madeni yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 18. Lilikuwa jiji kubwa kuliko yote kuwahi kufanya hivyo Marekani. Wakati huo kama asilimia 40 ya taa za barabarani haziwaki. Nyingine zilikuwa zimeungua bila mtu wa kubadilisha, nyingine waya zake za shaba zilishang'olewa kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, biashara ambayo hata hapa hatuhitaji kuelezwa. Taa zilipokuja kufungwa upya, 65,000 hivi hadi mwisho wa 2016, mafundi walitumia waya za alumini zisizo na bei kwa mwizi.

Mji ulitoka kwenye ufilisi Desemba 2014. Wadai walitaka hata michoro ya makumbusho ya sanaa iuzwe. Mifuko ya hisani, serikali ya jimbo na makumbusho yenyewe wakachanga ahadi ya zaidi ya dola milioni 800, sanaa ikabaki, na pensheni zikakatwa kidogo kuliko ilivyohofiwa: wastaafu wa kawaida walikatwa asilimia 4.5 na kupoteza nyongeza ya kila mwaka ya kufidia kupanda kwa bei. Mzee mmoja wa hapa, aliyewahi kufuatilia mafao yake mwenyewe, alinijibu kwamba asilimia 4.5 angesaini bila kusoma. Ila kumbuka mtu wa Detroit hana shamba Kasulu la kurudia. Mwaka huo huo wa 2014 maelfu ya nyumba zilikatiwa maji kwa kudaiwa bili.

Ni kweli nyumba zinauzwa dola moja? Nina mtaji kidogo.

Zimewahi kuuzwa kwa bei za kushangaza, ndiyo. Nyumba zilizotaifishwa kwa deni la kodi zilikuwa zikipelekwa mnadani, na awamu ya pili ya mnada bei ilianzia dola 500. Lakini nyumba ya dola 500 haina mabomba, haina waya, paa linavuja, na majira ya baridi huko maji yanaganda ndani ya ukuta. Kuitengeneza kunaweza kula makumi ya maelfu ya dola, na kodi ya majengo inaanza kukusubiri siku unayosaini. Wengi walionunua wakiwa mbali waliziacha zikarudi mnadani.

Kumiliki nyumba Marekani hakukupi viza wala haki ya kuishi huko. Anayekuambia umtumie pesa kwa simu ili "akushikie nyumba Detroit" ni tapeli. Funga simu.

Mbona kwenye masomo tunafundishwa Ruhr kama eneo la viwanda linalostawi?

Kwa sababu maelezo yaliandikwa siku nyingi na yanarithishwa. Bonde la Ruhr, Ujerumani, lilistawi kweli kwa makaa ya mawe, chuma na usafiri wa Mto Rhine, na sababu hizo unazojifunza ni sahihi kuhusu lilivyoanza. Lakini mgogoro wa makaa ulianza 1958. Mafuta ya petroli yalikuwa rahisi, makaa ya nje yalikuwa rahisi, na ya Ruhr yalikuwa yamebaki chini sana ardhini. Mgodi wa Zollverein mjini Essen ulifungwa 1986, na 2001 ukaingizwa kwenye Urithi wa Dunia. Leo watu wanakata tiketi kwenda kuutazama. Mgodi wa mwisho wa makaa, Prosper-Haniel wa Bottrop, ulifungwa Desemba 2018 na bonge la mwisho akakabidhiwa Rais wa nchi. Gelsenkirchen, iliyokuwa na watu wapatao 390,000 karibu na 1960, sasa ina kama 260,000.

Wajerumani walikwenda polepole zaidi kuliko Wamarekani. Walitoa ruzuku kwa miaka mingi, wachimbaji wakastaafishwa mapema badala ya kufukuzwa. Wakajenga vyuo vikuu mahali ambapo hapakuwa na hata kimoja. Cha Bochum kilifungua milango 1965. Si kila kitu kilifaulu. Bochum ilipewa kiwanda cha magari ya Opel mwaka 1962 kuziba pengo la migodi, nacho kikafungwa 2014.

Kwenye mtihani jibu ulichoulizwa. Ukiulizwa sababu za kukua kwa Ruhr, toa sababu za kukua. Ila usiandike "hadi leo makaa yanachimbwa kwa wingi", kwa sababu hayachimbwi. Mji wa Duisburg, huko huko Ruhr, bado wanafua chuma, hilo unaweza kuliandika.

Kwetu Tanzania kuna mji uliopungua watu hivyo baada ya viwanda kufa?

Viwanda vilivyokufa tunavyo. Miji iliyopungua namna hiyo hatuna, na tofauti hiyo inafaa kufikiriwa.

Chukua Tanga. Mkonge ulifikia kilele mwaka 1964, tani zipatazo 230,000, Tanganyika ikiongoza duniani. Kisha kamba za plastiki zikaua bei, mashamba mengi yakataifishwa 1967, uzalishaji ukaporomoka miaka iliyofuata, na baadaye viwanda vingi vya mjini Tanga vikafunga milango. Kwa mfano wa Detroit ungetegemea mji mtupu. Badala yake jiji la Tanga lilikuwa na watu 273,332 mwaka 2012 na 393,429 mwaka 2022.

Uzazi wetu ni mkubwa, na vijijini bado kuna watu wengi wanaoingia mjini hata pasipo ajira ya kiwandani. Kiwanda kikifa hapa, mtaa haubaki mtupu: wale wale waliokuwa na mshahara wanakuwa bodaboda, mama lishe, wauza mitumba. Sensa inaonyesha watu wameongezeka, na mtu anadhani mambo ni mazuri. Marekani kuporomoka kwa uchumi wa mji kunaonekana kwenye idadi ya watu. Kwetu kunajificha, inabidi ukatazame aina ya kazi walizonazo.

Sisi wa Ujiji tuliambiwa tumekwisha tangu Mjerumani alipoleta reli. Hiyo si Detroit yetu?

Shikamoo mzee. Inakaribia, tena kwa namna ya kuvutia.

Kabla ya reli Ujiji ndiyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora, na mwanzo wa safari za kuvuka ziwa kwenda Kongo. Burton na Speke walifika hapo Februari 1858. Stanley alimkuta Livingstone hapo 1871. Pembe za ndovu, chumvi, mawese na, kwa aibu yetu sote, watumwa, vilipita hapo. Reli ya Kati ilipofika ziwani 1914 haikwenda Ujiji. Ilikwenda kwenye ghuba ya Kigoma kwa sababu meli zilipata kina na kinga ya upepo. Bandari, stesheni na ofisi zikajengwa huko, na ndiko ilikounganishwa meli ambayo leo ni MV Liemba, iliyoshushwa majini 1915.

Ujiji ilipoteza kazi yake, watu haikuwapoteza. Ilibaki mji wa watu, Kigoma ikawa mji wa ofisi, na mwisho zikawekwa chini ya manispaa moja. Hapo ndipo tulipowashinda Detroit bila kukusudia: mtu wa Ujiji akihamia Kigoma, kodi yake inabaki kwenye kapu lile lile.

Basi Kigoma haina wasiwasi?

Sikusema hivyo. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 Tanzania iliongezeka kutoka watu 44,928,923 hadi 61,741,120, yaani kama asilimia 37. Manispaa ya Kigoma-Ujiji ilitoka 215,458 ikafika 232,388, chini ya asilimia 8. Mji wenye uzazi kama wetu ukiongezeka kwa asilimia 8 tu katika miaka 10, maana yake wanaotoka ni wengi kuliko wanaoingia. Naona ajabu takwimu hii haizungumzwi vijiweni kama inavyozungumzwa bei ya migebuka.

Wengine wanakwenda Dar es Salaam, Mwanza, Katavi. Lakini usisahau 8 Mile. Mwandiga iko kilomita chache tu kutoka Mwanga, na iko Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma. Mtu akinunua kiwanja huko kwa sababu ni kikubwa na bei yake ina huruma, anaendelea kufanya biashara Mwanga, anapita barabara ya manispaa, anatibiwa mjini, na kwenye sensa anahesabiwa kwingine. Si kosa lake. Ni jambo la wapanga miji wa halmashauri zote mbili kukaa meza moja.

SGR ikifika itatuletea watu au itawachukua?

Vyote viwili. Mkataba wa kipande cha reli hii mpya ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Reli iliyoleta maofisa Kigoma ndiyo iliyobeba manamba kwenda kwenye mkonge. Itategemea mzigo wa Kongo na Burundi utashughulikiwa hapa au utapita tu. Dagaa akikaushwa, kufungashwa na kuwekwa lebo Kibirizi ni ajira. Akipakiwa kwenye behewa ndani ya gunia, ajira iko Dar.

Mji ukishapungua hurudi?

Kwa kilele cha zamani, kwa miji mikubwa ya viwanda ya Marekani iliyopoteza nusu ya watu wake, bado hatujaona. Cleveland ilikuwa na watu 914,808 mwaka 1950 na 372,624 mwaka 2020. Pittsburgh, inayosifiwa kwa hospitali na vyuo vikuu vyake, imebaki na chini ya nusu ya watu wake wa 1950, ila mapato yake yamesimama. Youngstown, iliyopigwa na kufungwa kwa kiwanda cha chuma Septemba 1977, ilikuja mwaka 2005 na mpango wa kukubali kwamba itakuwa mji mdogo na kupunguza barabara na huduma kulingana na hali. Naona huo ndio mpango wa kikweli kuliko yote, japo fedha za kuutekeleza zilikuwa haba.

Detroit yenyewe ilijaribu njia ya kulazimisha. Mwaka 1981 ilivunja mtaa wa Poletown, ikahamisha watu zaidi ya 4,000, makanisa na maduka yao, ili General Motors wajenge kiwanda. Kiwanda kilijengwa, ajira zikawa pungufu ya zilizoahidiwa, na mji ukaendelea kushuka.

Siku hizi upepo umegeuka kidogo. Makadirio ya 2023 yalionyesha Detroit imeongezeka watu kwa mara ya kwanza tangu 1957, na ya 2024 yakaipa watu 645,000 na ushei. Stesheni kubwa ya Michigan Central, iliyotelekezwa tangu 1988, ilinunuliwa na Ford 2018 na kufunguliwa tena Juni 2024. Wenyeji wa mitaa ya mbali na katikati wanauliza kama mabadiliko hayo yatafika kwao, nao wana haki ya kuuliza.

Nina mradi wa shule kuhusu kupungua kwa watu. Nianzie wapi hapa Kigoma?

Anza na ripoti za sensa za 2012 na 2022 za Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Zinapatikana bure, na zinaonyesha idadi ya watu hadi ngazi ya kata. Linganisha kata moja moja: Bangwe, Gungu, Kibirizi, Mwanga, zote. Kabla ya kushangilia tofauti yoyote, uliza kama mipaka ya kata hiyo ilibadilishwa katikati. Kata iliyogawanywa huonekana imepungua watu kumbe imekatwa kalamu tu.

Halafu chagua mtaa mmoja, omba ruhusa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na uulize kaya 20 swali moja: katika miaka 10 nani ametoka nyumbani humu, na amekwenda wapi? Andika jina la wilaya aliyohamia, usiishie "mjini" au "Dar". Nenda jioni, watu wakiwa wamerudi ziwani na sokoni, na usiende na wenzako sita kwa mkupuo, watadhani ni watu wa kodi.